Kugonga Mlango wa Kazi Isiyotangazwa: Je, Ni Vema?



Kuna swali moja ambalo waamini wanatuletea sisi mashemasi kila mara kiisha ibada, vijana zaidi, lakini hata baba wa nyumba wenye mvi. Wanasema hivi: "Baba Shemasi, ninatafuta kazi, na hakuna tangazo po pote. Je, ni vema niende kwa patron ambaye hakuita mtu, nigonge mlango wake, nimwambie anipe kazi?" Mtu wa mbali anaweza kucheka na kusema: hilo si swali, nenda tu ukagonge. Sisi hatucheki. Wanaouliza wana sababu zao, na sababu hizo hazifanani. Mmoja anaona haya, maana kugonga hivyo kunafanana na kuomba-omba. Wa pili alipewa neno la unabii kwamba kazi itamfikia, basi anaogopa kwamba akitoka mwenyewe atakuwa amemtangulia Mungu. Wa tatu anaogopa kuchukua chakula cha mtu mwingine. Huyu wa tatu ndiye aliyetunyima usingizi, nasi tutakaa naye zaidi.

Tuanze na yule wa unabii, kwa sababu jibu lake si refu. Hatuchezi na neno la unabii katika kanisa hili. Lakini tumtazame nabii Eliya. Mungu alimwambia kwamba kule Sarepta amemwagiza mjane mmoja amlishe. Ni neno gani la hakika kupita hilo? Hata hivyo Eliya hakuketi kando ya kijito kilichokauka akingoja mjane amletee mkate. Alisimama, akatembea mpaka Sarepta, akafika penye mlango wa mji, akamwona mjane anaokota kuni, akamwita, akaomba yeye mwenyewe, kwanza maji, kiisha mkate. Na mjane yule alijibu kama mtu ambaye hajaambiwa kitu: mkate hana, ana unga wa kujaza mkono mmoja tu na mafuta kidogo. Kwa hiyo unabii ulikuwa wa kweli, na mlango ulikuwa umefungwa, na ilikuwa sherti nabii agonge. Anayesema "nilipewa neno" kiisha anabaki kitandani mpaka saa nne ya asubuhi, amepokea nusu ya neno.

Sasa yule anayeona haya. Tumejiuliza: haya hii inatoka wapi? Maana mama zetu wa soko hawana haya kumwita mpita njia ambaye hakusema anataka nyanya. Tunafikiri inatoka katika historia ya mji wetu.

Wakati mji huu ulipoanza, mwaka wa 1910, mwenye kugonga mlango alikuwa patron. Union Minière ilizaliwa mwaka wa 1906, shaba ilikuwepo, lakini watu wa kuichimba walikosekana. Mwaka ule ule wa 1910 kukaundwa biro iliyoitwa Bourse du Travail du Katanga, na kazi yake ilikuwa kwenda vijijini kuandika watu. Waandikaji walifika kwa chifu, chifu akatoa vijana, vijana wakatembea. Wengi hawakuulizwa kama wanataka. Wakatolewa Lomami, Kasai, Rodezia ya Kaskazini, na kuanzia miaka ya 1920 hata Rwanda na Burundi. Babu zetu hawakuandika barua ya kuomba kazi. Kazi iliwafuata, mara nyingi ikiwafunga kamba. Kuanzia mwaka wa 1928 sosiete ilitaka watu wakae, ikawapa mapatano ya miaka 3, ikawakubalia kuja na wake zao. Watoto wakazaliwa kambini, wakasoma shule ya sosiete, wakatibiwa hospitali ya sosiete, wakakula unga wa sosiete, na walipokuwa wakubwa sosiete ikawaita kwa jina. Watu walizoea kuiona kama baba na mama. Mtoto hagongi mlango wa nyumba ya baba yake.

Kiisha baba akaugua. Mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaanguka. Mwaka wa 1993 shaba yote ilikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa feza ya mara moja wakaondoka, na jambo hilo likaitwa kuondoka kwa hiari. Kampuni nyingine za migodi zilikuja kiisha sheria ya migodi ya mwaka wa 2002, lakini hakuna iliyotuita kwa majina ya baba zetu. Basi tukabaki watu tuliofundishwa kwa miaka mingi kwamba kazi inamwita mtu, katika mji ambamo kazi haiiti tena. Haya yetu ni haya ya mtoto wa kambi. Inaeleweka, lakini si amri ya Mungu. Mtume Paulo alipofika Korinto hakukuta tangazo lililobandikwa ukutani. Aliwaendea Akila na Prisila, watu waliotoka Roma kwa sababu ya kufukuzwa, na kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja, kushona hema, akakaa kwao wakafanya kazi pamoja. Tena Ruta, mjane na mgeni, aliingia shambani mwa Boazi bila kuitwa, akaokota masuke nyuma ya wavunaji. Hakuna mahali ambapo Maandiko yanamzarau kwa hiyo.

Kuna jambo lingine la kufahamu. Patron ambaye hakutangaza, si kusema hana haja. Serikali ilianzisha ONEM mwaka wa 2002 ili mtafuta kazi na mwenye kazi wakutane, na ni vizuri kujiandikisha pale. Lakini mwenye gareji ya watu 5, mwenye depo ya simenti, mama mwenye kinu cha kusaga mahindi kule Kenya au Katuba, hawa hawaandiki tangazo. Wanamwambia kapita: "Ukimjua mtu wa kweli, mlete." Nafasi inajazwa mbele ya kujulikana. Kwa hiyo anayengoja tangazo anangoja kitu ambacho katika mji huu, kwa kazi nyingi, hakitakuja. Tena anayegonga vizuri ametazama kwanza. Anajua kwamba mafundi wa kujenga wanatafuta mikono mvua inapokwisha, mwezi wa Aprili au Mei, si Novemba. Anajua saa ambayo malori yanarudi kutoka Kasumbalesa na gareji inajaa. Hafiki akisema tu "Patron, iko kazi?", maana kwa swali hilo jibu liko tayari tangu zamani: hakuna. Dada mmoja wa kwaya yetu aliona kwamba katika dispensere moja ya mtaa mashuka yanalundikana mpaka jioni. Alikwenda akasema: "Mama, mimi ninaweza kufua haya kila siku mbele ya saa sita." Kazi ile haikuwa na jina wala kiti. Aliiona yeye, na hakumtoa mtu.

Na hapa ndipo tunafika kwa yule wa tatu, kwa sababu si kila kugonga kunafanana na kule kwa dada huyu.

Kijana mmoja wa parokia yetu, mwenye diplome ya Serikali na mke na mtoto mmoja, alikwenda kugonga kwa mwenye depo. Patron alimtazama, akamsikiliza, akampenda. Kiisha akamwambia hivi: "Nafasi haiko. Lakini sentinele wangu ni mzee. Wewe ukikubali kupunguza robo ya mshahara wake, njoo Jumatatu, yeye nitamwambia apumzike." Ilikuwa Ijumaa. Kijana aliomba siku mbili za kufikiri, akaja kwetu. Sentinele yule anajulikana mtaani, ana watoto 6, anasali katika kanisa lingine.

Tulikaa mashemasi 5, na hatukuwa na wazo moja. Mmoja wetu alisema: "Mwenye kufukuza ni patron, si kijana. Kijana akikataa, kesho atakuja mwingine atakubali, na mzee yule atatoka vilevile. Basi afazali mtu wa kwetu ale." Maneno haya yana nguvu, na tusijifanye hayana. Anayeyasema si mtu mbaya. Ameona mtoto wa kijana yule.

Lakini mji huu umekwisha kuyasikia maneno hayo. Katika miaka ya 1992 na 1993, hapa Katanga, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kazini na katika nyumba zao, zaidi kule Likasi na Kolwezi. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa. Babu zao waliletwa na wale wale waandikaji tuliowataja. Walilala kwenye gare wiki nyingi wakingoja treni, na watu walikufa, watoto zaidi. Nafasi zao za kazi zilibaki wazi. Watu walikwenda kuziomba, wakapewa. Kati ya waliozipata walikuwemo watu wa sala, wenye njaa ya kweli, ambao hawakuinua fimbo juu ya mtu. Nao walisema: "Mimi sikumfukuza mtu, nimekuta kiti kitupu, nisipokaa mimi atakaa mwingine." Wengi wetu wakati ule tulikuwa watoto wa shule. Tulikuta madawati matupu, na hakuna mwalimu aliyetueleza.

Hatusemi kwamba sentinele mmoja wa depo ni sawa na taifa zima la watu waliofukuzwa. Tunasema kwamba neno "nisipokuwa mimi atakuwa mwingine" linaweza kubeba mzigo wo wote utakaowekwa juu yake, mdogo au mkubwa, na halichoki. Neno linalofungua kila mlango haliwezi kutuambia mlango gani tuingie. Kwa hiyo tuliliweka kando.

Tulijaribu kutafuta kipimo kingine. Mzee mmoja kati yetu, ambaye hakusoma sana, alimwuliza kijana: "Yale uliyomwambia patron, unaweza kuyarudia mbele ya yule mzee, akiwa ameketi pale na koti lake la usiku?" Kijana alinyamaza. Tangu siku ile hatukupata kipimo bora kupita hicho. Dada wa kwaya angeweza kurudia maneno yake mbele ya wafanyakazi wote wa dispensere. Paulo angeweza kuyarudia mbele ya washona hema wote wa Korinto. Anayesema "ninajua kuchoma vyuma, nitazame siku moja", anaweza kulirudia mbele ya fundi aliyeko. Lakini anayesema "nitafanya kwa bei ndogo kupita yake", huyo anahitaji mlango ufungwe wakati anaposema. Kuomba kazi ni kitu kimoja, na kuomba mahali pa mtu ni kitu kingine, hata kama barua inaandikwa kwa maneno yale yale.

Mtu ataleta neno hili: je, kama sentinele yule analala kweli, na mali inaibiwa? Basi hilo ni shauri kati yake na patron wake. Sheria inampa patron njia ya kumwondoa mtu, pamoja na kumjulisha mbele na kumlipa haki zake. Akiisha kuondoka hivyo, nafasi imekuwa wazi kweli, na kijana aje agonge bila hofu. Tunachokataa ni kwamba kugonga kwake kuwe ndiyo nyundo.

Na mtu ambaye watoto hawakula tangu jana? Wapendwa, hatutaandika hapa kwamba mtu huyo ametenda zambi akikubali. Hatujui tungefanya nini sisi wenyewe. Anayejua na aseme. Sisi tunajua tu kwamba kanisa linalomwambia "usikubali" kiisha linakwenda kula chakula cha Jumapili pasipo kumwalika, halina ruhusa ya kusema neno lile.

Tunataka kuongea pia na ninyi wenye kupewa uwezo, mapatron na makapita mnaosali pamoja nasi, maana mzigo wote hauko juu ya anayegonga. Kila asubuhi mnakuta watu mlangoni. Mstari huo unaweza kuwa baraka kwenu, na unaweza kuwa fimbo mnayowaonyesha walio ndani: "Ukinung'unika, tazama nje, wako 20 wanangoja." Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kwamba mtu wa kazi ya siku, akiisha kutimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi 2, akichukuliwa tena mbele ya miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa kudumu. Wako wakubwa wa kazi wanaohesabu vizuri sana. Ikifika siku ya 20 au 21 wanamwambia mtu "pumzika", na wanachukua mwingine kwenye mstari. Hivi anayegonga anatumiwa bila kujua, na mwezi ujao yeye naye atapumzishwa. Tazameni Boazi. Torati ilikuwa imeagiza mwenye shamba asivune mpaka pembeni, aachie maskini na mgeni. Boazi akafanya zaidi: aliwaambia vijana wake wamwache Ruta aokote hata kati ya miganda, tena waangushe masuke kwa kusudi. Ruta aliomba, na Boazi akatengeneza nafasi ambayo haikuwepo. Wala hakumwondoa mvunaji hata mmoja.

Neno dogo juu ya piston. Watu wanatuuliza kama ni zambi kusemewa na ndugu aliye ndani. Daudi alifika kwa Saulo kwa sababu mtumishi mmoja alimsemea. Lakini mtumishi yule alisema kitu alichokijua, kwamba kijana huyu anapiga kinubi vizuri, na Daudi alipofika alikipiga kweli. Huo ni ushuhuda. Kusema "ni wa kwetu" na kunyamaza hapo, si ushuhuda wa kitu. Na yule anayekuomba matabisi mbele ya kukuonyesha kazi, mwache pale pale. Mara nyingi hata kazi yenyewe haiko, na feza ya mama yako itakuwa imekwenda.

Labda mnataka kujua habari za kijana wetu. Jumatatu alirudi kwa patron. Alimwambia kwamba kazi ya mzee hawezi kuichukua kwa namna ile, lakini anajua kuandika na kuhesabu, na ameona kwamba mifuko ya simenti inatoka bila mtu kuiandika vizuri. Angeweza kufanya hiyo. Patron alicheka, akasema atafikiri. Hakumwita. Kiisha wiki mbili mtu mwingine alikubali ile bei ndogo, na yule mzee akatolewa, sawasawa kama ndugu yetu shemasi alivyosema tangu mwanzo.

Mama wa kijana alikuja kwetu akiwa na hasira. Akauliza: "Mzee ametoka, na mwanangu hana kazi. Ninyi mashemasi, niambieni, ni nani aliyepata faida?" Tulimjibu kwamba mwanawe anaweza kupita mbele ya nyumba ya mzee yule na kumsalimu bila kugeuza uso. Akatutazama, akasema: "Hiyo hailiwi."

Ni kweli, hailiwi. Jumamosi hii mashemasi wawili watatoka pamoja na kijana saa kumi na mbili ya asubuhi, kwenda kugonga kwenye gareji za njia ya Kasumbalesa. Mwenye kujua mahali ambapo mikono inakosekana, atuambie mbele ya Ijumaa.